Wakuu, minyoo ya chambo wakikutwa na madini mazito wanasafishwaje?

Mchimba Chambo: Habari za jioni wakuu. Nachimba minyoo ya baharini hapa Dar, nauzia wavuvi wa mishipi. Kuna mzee anafuga kambamiti, akataka mzigo mkubwa wa kulishia kamba wazazi. Akapeleka sampuli maabara, majibu yakarudi shaba na risasi ziko juu. Sasa hataki tena. Nikiwaweka kwenye maji masafi ya bahari siku mbili si yatatoka? Naombeni msaada wa haraka, nina presha hapa.

Kitwana wa Pwani: Chambo ni ngisi, mkuu. Babu yangu kule Pangani hakuwahi kugusa mnyoo, na changu alikuwa anajaza ngalawa. Kuna mwaka kusi lilitukamata nje ya mwamba, acha tu, nitawasimulia siku nyingine.

Bi Mkora: Unachimba wapi?

Mchimba Chambo: Huku huku mjini. Swali langu ni kusafisha.

Bi Mkora: Mjini wapi? Kunduchi mjini, Msimbazi mjini.

Mchimba Chambo: Haya, mdomoni mwa Msimbazi, karibu na daraja la Selander. Kunduchi unainama asubuhi nzima hupati nusu ndoo. Pale maji yakitoka unajaza chap, tena wanene. Na wako hai, wanacheza. Wangekuwa na sumu si wangekufa?

Fundi Tope: Mto umepita viwandani na machinjioni, halafu unashangaa majibu? Na kuishi kwao si cheti. Kule Cornwall, Uingereza, kuna hori la Restronguet lililopokea maji ya migodi kwa miaka mingi. Minyoo jamii ya Nereis wa pale wamekutwa na zaidi ya mikrogramu 1,000 za shaba kwa gramu moja ya mnyoo mkavu, na bado wanaishi na kuzaana. Ukoo wao umeshazoea. Anayewala hajazoea.

Kuhusu kusafisha, mnyanyue mmoja kwenye mwanga. Ule uzi mweusi unaoonekana chini ya ngozi ni tope la tumboni. Siku mbili za maji masafi zitatoa hilo tu. Metali iliyokwisha kuingia mwilini imeshikwa na protini, nyingine imefungiwa kwenye chembechembe ndani ya seli. Hiyo haitoki kwa kubadilisha maji ya ndoo. Afadhali hata zinki, wanaidhibiti wenyewe, na taya zao zina zinki kwa asili. Sampuli ilitolewa tope kwanza?

Mchimba Chambo: Ilipelekwa vile vile. Kwa hiyo majibu ni ya uongo!

Fundi Tope: Sijasema hivyo. Wamepima mnyoo pamoja na tope alilokula. Pimeni upya wakishatoa tope, mtajua kipi ni kipi.

Ustadhi Mtaani: Ndugu yangu, kuuza kitu unachojua kina kasoro na kunyamaza ni dhuluma. Riziki ya hivyo haina baraka.

Mkata Majani: Wakuu, mnanyweshwa chai. Mfuga kamba gani wa Bongo anapeleka minyoo maabara? Maji ya kunywa yenyewe hatupimi! Na majibu gani hayana namba hata moja? Weka karatasi hapa.

Mchimba Chambo: Karatasi anayo yeye. Alinisomea kwa simu.

Mkata Majani: 😂😂 Leteni na vitumbua.

Bi Mkora: Chai au si chai, mleta uzi, ameshakulipa?

Mchimba Chambo: Advansi kidogo. Imeshaenda kwenye ada ya mtoto. Ndiyo maana nawaza nichanganye nusu na wa Kunduchi, nimwambie wote wa Kunduchi. Naye akipima atakuta zimeshuka.

Fundi Tope: Kuchanganya kunashusha wastani, hakumsafishi mnyoo hata mmoja. Na kamba hali wastani.

Ustadhi Mtaani: Umeona sasa? Uongo unazaa uongo.

Mchimba Chambo: Ninyi mnaongea tu, ndoo mbili ziko uani zinaanza kunuka.

Kitwana wa Pwani: Kama ni za kutupa, nicheki inbox. Kesho alfajiri naingia majini na ngisi wamepanda bei.