Tupeane uzoefu: ombi la mtaa linakwama wapi kabla ya kuingia kwenye bajeti?

Mwanzisha mada
Wakuu wa Mwanza na visiwani, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Wengi huanza kudai mradi Mei, Bunge la bajeti liko katikati na madiwani walishapitisha zao. Wanaojua mikutano ya mtaa na kijiji, karibuni.

Mdau wa Kirumba
Linakwama kwenye muhtasari wa mkutano. "Wananchi wameomba choo cha shule" haliwezi kuwekewa bei. Andikeni: choo cha matundu 4, kiwanja kipo, wananchi watachimba shimo na kuleta mawe na mchanga, halmashauri itoe saruji, bati na fundi. Mawe Mwanza hatukosi! Ambatanisheni mahudhurio yenye sahihi za watu, mwenyekiti na mtendaji wasaini, na mtaa ubaki na nakala yenye muhuri. Karatasi ikipotea kabla ya kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, bila nakala mnaanza upya, na msimu umepita.

Mkazi wa Igogo
Jueni pia mradi ni wa nani. Barabara za mitaa na makalavati yake ni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, maji ya jiji ni MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza). Diwani atawasemea, ila fedha ya miradi hiyo haimo kwenye kapu la halmashauri. Nakala ya ombi ipelekwe huko mapema.

Fundi Magu
Kuhusu maboma, yaani majengo ambayo wananchi huyaanza kwa nguvu zao: msimwage msingi kabla mhandisi wa halmashauri hajawapa ramani. Mkifika kwenye linta na chumba kikakutwa kidogo kuliko ramani, kupaua kunasuasua na tofali zinalowa mvua. Inauma sana, maana hilo ni jasho la watu.

Ukerewe mwaloni
Kwetu mkutano usiitwe siku za giza, zisizo na mbalamwezi. Usiku wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa, asubuhi akina mama wanaanika. Subirini mbalamwezi, mitumbwi ikipumzika, tena alasiri. Hapo wachuuzi na waanikaji wanafika na kusema.

Halafu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni mikopo ya vikundi. Msiipigie hesabu ya kujengea zahanati.

Mwanzisha mada
Asanteni. Na mkutano wa kijiji ni kila miezi mitatu: unaofuata, ombeni mapato na matumizi yasomwe kwanza, kabla watu hawajaanza kuondoka.