Mjadala: Vigango vikirudi Kenya, viende makumbusho au viende bomani?

Ndugu zangu, kila vigango, nguzo za mti ambazo Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimikia marehemu wao, vinaporudishwa kutoka Marekani nasikia kauli ileile: "Viwekwe makumbusho ya taifa Nairobi, huko ndiko kuna ulinzi." Mimi napinga.

Kigango si pambo. Mmijikenda aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akifa, jamaa zake humchongea mti mgumu: kichwa cha duara, kiwiliwili bapa kilichochorwa pembetatu ndogondogo toka juu hadi chini. Kigango hufungwa vitambaa, humwagiwa pombe ya mnazi, huzungumzwa naye kama mzee aliye hai. Watu wakihama, yeye huachwa palepale, maana aliyekwisha kusimikwa hang'olewi. Wezi walilijua hilo. Boma likishakuwa gofu, vigango vilisimama bila mwenyewe wa kuvitazama, wakaviiba.

Wanaosema vitaibwa tena wana hoja nzito, siwabezi. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango vyake viwili. Haukupita muda, vikaibwa. Kimoja kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State, kingine Chuo Kikuu cha Hampton. Picha ileile ndiyo iliyosema ni vya nani, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya.

Hapo ndipo naiona kazi ya makumbusho: kupiga picha kila kigango kilichobaki pwani, kuandika jina la marehemu na la boma, kuisaidia familia kukilinda. Kumfungia babu ya mtu kwenye kioo, mbali na anayejua kumwita, ni kumweka kizuizini mara ya pili. Mwanafunzi wa Nairobi atajifunza nini hapo, zaidi ya kwamba ni mti uliochongwa vizuri?

Kinachonitatiza ni vile visivyojulikana vilikotoka. Makumbusho ya Denver ilipotangaza mwaka 2014 kwamba itarudisha vigango 30, tatizo lilikuwa hilohilo: nani aseme ni vya boma gani? Wengine wanataka vipelekwe kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, lakini kaya nazo zina miiko yake, na kigango tangu hapo mahali pake ni bomani.

Basi wazee wa Kigiriama, Kikauma, Kichonyi, na ninyi mnaofanya kazi makumbusho: hivi visivyo na boma visimikwe wapi, na nani atavimwagia mnazi?