Boila inajizima usiku, bosi anataka boksi la mtumba: naombeni ushauri wa spea

FundiVingunguti

Wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, tuna boila ya mvuke ya tani 3 kwa saa. Zamani ilichoma mafuta mazito, gesi ya Songo Songo ilipofika mtaani kwetu wakabadilisha bana (kichomeo chake). Mimi sikuwepo, nimerithi tu, na mchoro wa umeme niliokabidhiwa ni fotokopi ya fotokopi, nusu imeliwa na mende.

Tatizo: wiki ya tatu sasa boila inajizima yenyewe, mara nyingi usiku wa manane. Taa nyekundu inawaka, opereta anabonyeza riseti, inawaka upya, inakwenda saa mbili tatu, inazima tena. Boksi linaloendesha bana ni Siemens LFL1.333, lile la kuchomeka kwenye kitako, lenye kidirisha na kisahani kinachozunguka. Nimeona hilo boksi limechoka.

Nimezunguka maduka ya spea Gerezani nikapata la mtumba, LFL1.335. Muuzaji ananiambia ni lilelile, na kweli kwenye kitako linaingia bila shida. Bei yake ni robo ya jipya. Jipya nimeambiwa wiki 6. Bosi anasema nichukue hilo la Gerezani, au nimruhusu fundi mmoja wa jirani aje atuwekee "moto wa uongo", yaani alidanganye boksi liamini moto upo, tuendelee kuzalisha mpaka mzigo ufike. Roho yangu inasita. Nawasilisha.

Mvuke Kavu

Hujasema kisahani kinasimama kwenye alama gani ikizima. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kutaja bei.

Kwaya ya Nyuki

Riseti ukiibonyeza sana inazoea mkuu, endelea tu 😂

FundiVingunguti

@Mvuke Kavu nimeenda kuangalia sasa hivi. Ni mstari mmoja wa wima. Opereta wa usiku anasema siku zote huwa ni hapo hapo.

Mzee wa Presha

Kijana, marahaba. Basi boksi lako huenda halina kosa lolote, linafanya kazi iliyolileta duniani. Kile kisahani ni shahidi: ikizima kinagoma pale pale mkasa ulipotokea. Kikisimama kwenye P, upepo wa feni haukuonekana. Kikisimama kwenye kile kiboksi cheusi, mzunguko wa kuangalia moto una hitilafu. Kwenye 1, muda wa kuwasha umeisha na moto haukuonekana. Huo mstari wako wa wima maana yake bana ilikuwa inaendelea na kazi, halafu moto ukapotea machoni pa boksi. Kwa hiyo ama moto ulizimika kweli, au jicho (sensa inayouangalia moto) halioni. Ukibadilisha boksi leo, kesho usiku litazima lile jipya.

Jicho lenu bila shaka ni QRA2 au ndugu yake, la miale ya UV, kwa sababu mnachoma gesi. Muulize storokipa lilibadilishwa lini. Taa ya ndani ya jicho hilo inahesabiwa saa 10,000 hivi. Kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana kinazimaliza kwa miezi kumi na minne. Najua viwanda ambavyo jicho lina miaka saba na watu wanalaumu mizimu.

Pima. Weka mita ya mikroampia kwenye laini ya jicho bana ikiwa inawaka. Boksi lako linataka angalau mikroampia 70. Ukiona namba inacheza karibu na hapo, ndiyo hadithi yako ya usiku wa manane. Futa kioo cha jicho kwanza, pima tena.

Na hilo la kubonyeza riseti mara nyingi, komesheni leo. Mara mbili ikigoma, mtu aitwe. Kila jaribio la kuwasha linaweza kuacha gesi tumboni mwa boila, na anayebonyeza amesimama mbele yake.

BintiVolti

Naomba nizungumzie hilo boksi la Gerezani, maana naona limepita kimyakimya.

Kitako cha LFL1 ni kimoja kwa familia nzima. Ndiyo maana linaingia. Muuzaji hajadanganya, ila amekwambia sehemu tu ya ukweli. Tarakimu ya mwisho ndiyo yenye kesi. 333 inaruhusu gesi itoke sekunde 3 bila moto kuonekana, kisha inafunga. 335 inasubiri sekunde 5, hiyo ni tabia ya bana ya mafuta. Nahisi hilo boksi lilitoka kwenye boila ambayo nayo ilihamia kwenye gesi, wakalitupa kwa sababu hiyohiyo, na sasa linarudi mjini.

Piga hesabu ya haraka. Boila ya tani 3 inakula gesi meta za ujazo zaidi ya 200 kwa saa moto ukiwa mkubwa. Hata ukiwasha kwa robo tu ya hapo, ni lita kama 15 kila sekunde. Sekunde 2 za ziada ni lita 30 za gesi zimeingia kwenye tanuri lenye joto kabla mtu hajastuka. Na lingewaka vizuri tu siku zote! Mwaka mzima usingejua. Ungejua siku ile cheche imechelewa.

Halafu mtumba wenyewe. Mtengenezaji anayahesabia maboksi haya mizunguko 250,000 ya kuwasha, au kama miaka 10. La Gerezani limeshatumia mingapi? Nje linapigwa rangi, ndani viguso vya rilei ni vilevile.

Chuma Chakavu

Dada nakuheshimu, ila tusiwatishe watu. Mimi natumia spea za Gerezani miaka na miaka. Mota, gia, kontakta, hata inveta. Kiwanda kingesubiri wakala wa Ulaya kingeshafungwa.

BintiVolti

@Chuma Chakavu kontakta nunua hata mnadani kaka. Ikifa, mashine inasimama. Hiki kifaa kikifa vibaya mashine *haisimami*. Sipingi mtumba, napinga mtumba wa kitu ambacho kazi yake ni kuzima.

Chuma Chakavu

Hapo sina neno.

Bahari ya Sohar

Salaam kutoka Oman. Niko kwenye kiwanda cha gesi, mitambo yetu ya usalama ni mikubwa kidogo, kompyuta tatu zinapiga kura na mbili zikikubaliana ndiyo uamuzi. Lakini shida za spea ni hizi hizi zenu, tofauti ni sifuri za bei.

Kwenye kutunza: usiweke spea za elektroniki chumba cha boila. Kapasita hupoteza karibu nusu ya maisha kila joto likipanda nyuzi 10, hata zikiwa zimelala kwenye boksi lake. Weka ofisini kwenye kiyoyozi, ndani ya mfuko wake, andika tarehe ya kupokea. Kadi zilizolala miaka tunaziwasha mezani kabla ya kuziamini. Kwenye kununua, usitume jina la kifaa tu. Tuma picha ya kibandiko chote: namba kamili, volti, mwaka. Mtu akikujibu "tuna inayofanana", mwambie akuandikie kwa barua kwamba inafanana. Wengi wataingia mitini.

Mtengenezaji wa bana mara nyingi ana haraka kuliko wakala wa boksi. Mpe namba ya bana yenu, yeye anajua ilitoka kiwandani na nini. Jicho ni dogo, linakuja kwa ndege kwa siku chache, hamna haja ya kusubiri wiki 6.

Mzee wa Presha

Ahsante Sohar. Niongeze jambo, maana kijana amesema kiwanda hakilali.

LFL1 haikuumbwa kukesha. Inatakiwa izime kwa utaratibu angalau mara moja kila saa 24. Sababu ni hii: jicho la UV likizeeka lina ugonjwa mwingine mbaya kuliko upofu. Linaanza kuona moto ambao haupo. Boksi linaligundua wakati bana haiwaki, linapandisha umeme wa jicho kutoka volti 330 hadi 380 kulijaribu. Likiona "moto" hapo linajifunga. Kama bana haizimi wiki nzima, jaribio hilo halifanyiki wiki nzima. Siku moto unapozimika kweli, jicho linasema upo, valvu inabaki wazi.

Kwa hiyo wekeni ratiba, zamu ya asubuhi izime dakika chache. Au mkipata bajeti muhamie kwenye boksi la kukesha, LGK16. Na huyo wa moto wa uongo, mwulizeni atasimama wapi siku ya kuwasha.

Mvuke Kavu

Mzee umenikumbusha mlipuko wa bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, 11 Desemba 2005. Tangi la petroli linajazwa, kipimo cha kiwango kimekwama. Kulikuwa na swichi ya dharura ya juu kabisa, imenunuliwa, imefungwa. Haikufanya kazi. Swichi ile ilikuwa na kipini cha kupimia ambacho lazima kishikiliwe na kufuli lake, bila kufuli kinaweza kushuka na swichi inakuwa pambo. Waliofunga walidhani kufuli ni la kuzuia watu kuchezea, wakaliacha. Watu zaidi ya 40 waliumia, na bahati ilikuwa Jumapili alfajiri. Ndiyo maana mimi spea ya usalama isiyo na karatasi zake siipokei.

Mkenya wa Athi River

Sisi huku mkaguzi wa boila akija kitu cha kwanza ni kuzima maji ya kuingia aone kama itakatika kwa kiwango cha chini. Mkuu hiyo yenu mlijaribu lini? Uliza tu, kwa sababu mahali jicho limesahaulika, hata maji huwa yamesahaulika.

FundiVingunguti

Mrejesho, siku ya tatu.

Jicho: storo hakuna kumbukumbu yoyote, ila nyuma yake kuna stika ya 2018. Nimepima, 62 mpaka 75, inachezacheza. Nimefuta kioo (kilikuwa na ukungu wa mafuta ya enzi zile!) ikapanda mpaka 95. Jana usiku haikuzima. Jipya nimeagiza mawili kupitia kwa mtengenezaji wa bana, yanafika wiki ijayo. La Gerezani nimemrudishia mwenyewe, amenikata kidogo.

@Mkenya wa Athi River swali lako limeniharibia siku. Nimefungua paneli nifuate waya za kukata kwa maji machache. Zipo mbili, kama inavyotakiwa. Ya kwanza nimeipima, inakata. Ya pili nimekuta waya mwekundu umeunganisha skrubu zake mbili kuiruka sensa, umefungwa na teipu, umeshapauka. Haujulikani ni wa nani wala wa lini. Nikiutoa, boila inakata papo hapo, maana yake sensa yenyewe imekufa siku nyingi. Nifanyeje? Tuna oda ya kesho.

Mzee wa Presha

Piga picha kabla hujagusa. Andika kwenye daftari la boila tarehe, saa na jina lako. Mpelekee bosi kwa maandishi, nakala ubaki nayo, umwambie OSHA (wakala wa usalama kazini) ikija leo boila hii haina kinga ya pili ya maji. Halafu usiiwashe mpaka sensa ibadilishwe. Hiyo sensa ni fimbo ya chuma tu, Dar zipo mpya.

BintiVolti

Nipe urefu wake na nyuzi za skrubu PM (ujumbe wa faragha), nadhani tuna moja storo ambayo haijafunguliwa. Na karatasi zake zipo.

FundiVingunguti

Nimetuma PM. Boila nimeizima saa tisa. Bosi anapiga simu, ngoja nipokee.