Gari ya Shangazi Tumpe imechemsha karibu na Inyala

Shangazi Tumpe: Jamani mko hewani? Nimesimama mlimani kabla ya kufika Inyala, barabara ya Mbeya. Gari imechemsha, mshale umegonga nyekundu. Lusajo yuko wapi?

Mama Neema: Uwii! Pole wifi. Neema mzima?

Shangazi Tumpe: Mzima, ndiye anayeandika hapa. Mimi mikono inatetemeka.

Baba Mkubwa: Hayo ni maji tu. Fungua rejeta ujaze. Sisi enzi za malori ya Leyland tukipandisha mlima huo, dumu la maji halikosi nyuma ya kiti.

Lusajo fundi: Shikamoo baba mkubwa. Shangazi USIFUNGUE rejeta. Usiguse kabisa ule mfuniko. Maji mle ndani yamebanwa, ndiyo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiachia presha tu yanageuka mvuke hapo hapo, na uso wako uko juu yake. Na huko juu ndiyo mbaya zaidi, Mbeya maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 94.

Gwamaka: Ndiyo maana maharage ya huku hayaivi 😂

Mama Neema: Gwamaka hebu!

Lusajo fundi: Injini umezima?

Shangazi Tumpe: Nimezima.

Lusajo fundi: Sawa. Kabla ya gari, malori. Umetoka nje ya lami? Hazadi, pembetatu, jiwe nyuma ya tairi. Neema asikae ndani, akae upande wa kichaka.

Shangazi Tumpe: Tuko pembeni kabisa. Kuna kijana wa hapa ameshakata matawi ameyapanga kule nyuma. Jiwe lipo.

Lusajo fundi: Mshukuru huyo kijana. Sasa nijibu taratibu. Kabla mshale haujapanda, kuna taa yoyote iliwaka kwenye dashibodi?

Shangazi Tumpe: Ile nyekundu ya betri. Niliiona tumetoka Igurusi, nikasema betri nitaiangalia nyumbani.

Lusajo fundi: Taa ndiyo ilitangulia, mshale ukafuata?

Shangazi Tumpe: Ndiyo. Chini kule mshale ulikuwa palepale. Tulivyoanza kupanda ndiyo ukaondoka.

Baba Mkubwa: Basi ni mambo mawili hayo, betri na rejeta. Gari imezeeka, nilisema tangu mwaka jana iuzwe.

Lusajo fundi: Baba mkubwa, samahani, mimi naona jambo moja. Oltaneta inayochaji betri na wota pampu inayosukuma maji vinazungushwa na mkanda uleule. Ukikatika, betri haichajiwi, taa inawaka saa hiyohiyo. Maji nayo yanasimama, ila joto linachukua muda kujaa. Shangazi, ulisikia kishindo chochote?

Shangazi Tumpe: Kitu kilipiga kofi chini ya boneti mara moja. Nikajua ni jiwe.

Gwamaka: Feni belti hiyo!

Shangazi Tumpe: Lakini feni inazunguka. Nilipozima bado ilikuwa inazunguka.

Lusajo fundi: Jina tu hilo shangazi. Kwenye Carina yako hiyo feni inatumia umeme, mkanda haiujui. Ndiyo maana watu wanaiona inazunguka wanasema mfumo wa maji ni mzima.

Baba Mkubwa: Isije ikawa taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya injini.

Lusajo fundi: Ingekatika ile, gari ingezima Igurusi kulekule, isingepanda hata mita moja. Shangazi, fungua boneti, tumia kitambaa. Ubavuni mwa injini kuna puli, yale magurudumu ya mkanda. Neema apige picha, asiingize mkono.

Shangazi Tumpe: 📷

Shangazi Tumpe: Kuna mpira mweusi umening'inia, umechanika nyuzinyuzi kama mkeka.

Lusajo fundi: Ndiyo wenyewe. Mgongoni una maandishi, soma.

Shangazi Tumpe: 4PK halafu namba zimefutika.

Lusajo fundi: 4 ni mifereji, zilizofutika ni urefu kwa milimita. Gwamaka, nenda duka la spea hapo Uyole, taja gari na mwaka wake, na uhesabu mifereji kabla hujalipa. Chukua na lita tano za maji safi, spana 12 na 14, panda bodaboda na fundi.

Baba Mkubwa: Akate tyubu ya baiskeli afunge, afike Uyole.

Lusajo fundi: Mlima ule baba? Itateleza, injini ichemke tena na hedi, kile kichwa cha injini, ipinde. Mkanda ni bei ya kuku, hedi ni bei ya ng'ombe.

Mama Neema: Wifi, si hii gari ilikuwa inapiga filimbi asubuhi?

Shangazi Tumpe: Wiki nyingi tu. Fundi mmoja akaupaka sabuni ya mche, ikanyamaza.

Lusajo fundi: 🤦🏾‍♂️ Sabuni!! Mkanda ukilia umelegea, au umechakaa, au kuna puli inakwama. Kuupaka sabuni ni kumziba mtoto mdomo. Gwamaka, kabla hamjafunga mpya, zungusheni kila puli kwa mkono. Ikikwaruza au kucheza, usifunge, nipigie. Beringi mbovu itaukata na huo mpya.

Gwamaka: Nimefika. Puli zote laini. Mkanda wa zamani umekauka, ukiukunja unapasuka.

Lusajo fundi: Basi ni uzee. Rejeta imepoa? Ushike kwanza, ukiweza kuacha mkono ndiyo ufungue, na kitambaa. Mkanda mkaze hivi: bonyeza katikati kwa dole gumba, uingie kama sentimita 1. Ukikaza kama gitaa unaua beringi ya oltaneta.

Gwamaka: Umekaa. Maji yameingia karibu lita mbili. Imewaka, taa ya betri imezima.

Lusajo fundi: Iache dakika kumi, boneti wazi. Moshi mweupe nyuma?

Gwamaka: Hamna.

Lusajo fundi: Na oili kwenye dipstiki, kile kijiti cha kuipimia, isiwe na rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia kwenye oili.

Gwamaka: Nyeusi tu kama kawaida. Mshale uko katikati.

Shangazi Tumpe: Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Hela ya fundi natuma kwa nani?

Gwamaka: Kwangu shangazi, nimeshamlipa. Na bodaboda mbili.

Baba Mkubwa: Mbili? Si mlipanda moja?

Gwamaka: Baba mkubwa, na maji lita tano na fundi mwenye mwili ule?

Lusajo fundi: Shangazi panda taratibu gia ya chini, na AC usiwashe. Kesho kutwa aukaze tena, mkanda mpya huwa unalegea siku za mwanzo.