Rais akibadilika, je, msimamo kuhusu bahari nao hubadilika?

Mtoa mada: Naomba tuutazame mfano wa Ufilipino. Serikali ya Benigno Aquino iliishtaki China mwaka 2013, na tarehe 12 Julai 2016 jopo la wasuluhishi mjini The Hague likaamua kwamba haki za kihistoria ambazo China inazidai ndani ya mstari wa vistari tisa ambao imeuchora kwenye ramani zake, katika Bahari ya China Kusini, hazina msingi wa kisheria. Ushindi huo ulimkuta Rodrigo Duterte akiwa hajamaliza hata wiki mbili madarakani, naye akauweka kando kwa kutarajia mikopo na biashara kutoka Beijing. Alipoingia Ferdinand Marcos Mdogo mwaka 2022, upepo uligeuka tena: mwaka uliofuata, kambi ambazo wanajeshi wa Marekani wanaruhusiwa kuzitumia ziliongezwa kutoka 5 hadi 9. Mimi nashikilia kwamba aliyekalia kiti ana uzito kuliko ramani.

Mchangiaji: Sikubaliani nawe. Somalia ilifungua shauri la mpaka wa baharini dhidi ya Kenya mwaka 2014, wakati wa Hassan Sheikh Mohamud. Mohamed Abdullahi Farmaajo, aliyemshinda mwaka 2017, hakuliondoa shauri hilo, na hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Oktoba 2021 ilisomwa yeye akiwa rais. Tena, hati ya maelewano kuhusu bahari hiyo ambayo mawaziri wa nchi hizo mbili waliitia saini mwaka 2009 ilikataliwa na bunge la Somalia mwaka huohuo, jambo linaloonyesha kwamba kiongozi anayedhaniwa kuigawa bahari hapati pa kusimama nyumbani kwake. Hata Duterte unayemtaja aliutetea uamuzi wa The Hague mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Kinachobadilika ni sauti tu, dai halibadiliki.

Mtoa mada: Kuhusu dai nakubali, lakini mvuvi haishi kwa dai. Miamba ya Scarborough, eneo la uvuvi katika Bahari ya China Kusini linalodaiwa na nchi zote mbili, ilikuwa mikononi mwa China tangu 2012. Duterte alipozuru Beijing Oktoba 2016, wavuvi wa Kifilipino wakaanza kuruhusiwa tena kuikaribia, bila mstari hata mmoja wa ramani kuguswa. Hiyo "sauti tu" ndiyo iliyowarudisha kazini. (Kwamba ruhusa ya namna hiyo hutolewa leo na kunyang'anywa kesho, hilo silipingi.) Isitoshe, tunawajadili marais wa upande mmoja na kuusahau wa pili: rais wa Ufilipino ana kipindi kimoja cha miaka 6, ilhali Xi Jinping ameongoza chama chake tangu Novemba 2012 na amekwisha kukutana na marais wote watatu wa Manila. Mwenye muda wa namna hiyo hahitaji kumshinda Marcos kwa hoja. Anaweza kuungoja uchaguzi wa 2028. Kama kweli mtu kitini si kitu, mchangiaji mwenzangu anieleze Beijing ingekuwa inangoja nini.