Naomba ushauri: boti ndogo ya tumbo bapa kwa uvuvi na familia, Ghuba ya Mwanza

Wakuu, salaam. Natafuta boti ya tumbo bapa, futi 14 hadi 16, ya kuvulia sato kwa ndoano kandokando ya mawe, na Jumapili nipande na mke wangu na watoto.

Naipendea utulivu: mtoto akisimama kuvuta samaki haiyumbi kama mtumbwi, tena inafika hadi ufukweni kwenye maji mafupi. Hofu yangu ni mawimbi. Upepo wa mchana ukichachamaa ziwani, chombo cha tumbo bapa hupigapiga maji kwa kishindo, na omo (sehemu ya mbele) ikiwa fupi mnalowa wote. Je, omo iliyochongoka na kuinuka kidogo inasaidia kweli, au bora niongeze kimo cha mbavuni hata kama upepo utaisukuma zaidi?

Halafu mbao, faiba au alumini? Mbao fundi yeyote wa mwaloni anaitengeneza, ila kukalafati (kuziba nyufa kati ya mbao) hakuishi. Injini nawaza nguvu farasi 15. Isije ikawa nzito mno kwa tezi (sehemu ya nyuma). Maboya ya kuvaa kila mtu atakuwa nayo, hilo halina mjadala.

Mliobeba watoto wadogo kwenye boti za namna hii, tafadhali nielekezeni.