Bajeti ya afya ya akili: waandishi wa Dodoma mnaifuata kweli?

Mkazi wa Nkuhungu: Jamani Bunge la bajeti linakaa hapahapa kwetu kuanzia Aprili mpaka Juni na waandishi wamejaa pale, hospitali ya akili ya Mirembe nayo ipo mjini hapa tangu 1927, lakini hotuba ya afya ikisomwa kinachotoka ni jumla ya mabilioni na mashine mpya. Hamna anayeuliza afya ya akili imetengewa ngapi na ngapi imetoka, maana kupitishwa ni kitu kimoja na hela kufika ni kingine. Mirembe wataikumbuka mgonjwa akitoroka. Mdogo wangu anachomwa sindano kila mwezi, kituoni ikikosekana nanunua duka la dawa, nikikosa hela anarudi kulekule kuongea na ukuta usiku kucha. Hiyo siyo habari?

Binti Kondoa: Habari ni habari ila haina bahasha ya hela kwa mwandishi. Mwandishi wa bongo bila nauli hatoki ofisini.

Kalamu Kavu: Dada hapo umenikosea sana. Mi nalipwa kwa habari, isipotoka silipwi, na daladala ya kwenda Mtumba kwenye ofisi za wizara natoa mfukoni kwangu. Habari ya wodi nimeifuatilia siku tatu, kila nikienda naambiwa kibali bado, we hapo kwenye simu yako unaandika bahasha.

Binti Kondoa: Kwa hiyo njaa ndo inaruhusu kuchukua bahasha?

Kalamu Kavu: Wapi nimesema nachukua? Soma tena taratibu.

Mzee wa Bahi: Semina za mashirika mnasaini posho, tunawaona. Kesho yake redio zote habari moja, neno kwa neno.

Nesi Mstaafu: Wanangu mnagombania nauli. Nimekaa wodi za akili miaka 22, wengi waliokuwa wanarudi walirudi kwa sababu dawa ilikatika nyumbani, halafu gazeti linaandika CHIZI kwa herufi kubwa na picha ya mtoto wa watu juu. Mama yake alikuja analia, hataki tena kumleta kliniki.

Ndugu wa Kongwa: Serikali ilisaini azimio la nchi za Afrika kule Abuja 2001 kama sikosei, asilimia 15 ya bajeti iende afya ya akili.

Nesi Mstaafu: Hapana baba, ile ni afya yote kwa ujumla. Ya akili ndo inagombania makombo humo ndani, ripoti ya 2020 ya WHO, shirika la afya duniani, ilionyesha kwamba serikali duniani kwa wastani zinaipa kama asilimia 2 tu ya hela ya afya.

Mzee wa Bahi: Nesi na nyie ndo mnawafungia waandishi geti.

Nesi Mstaafu: Mgonjwa siyo maonyesho mzee wangu. Njoo na daftari uulize stoo ya dawa, kamera iache nje.

Kalamu Kavu: Nkuhungu, mara ya mwisho sindano kukosekana ilikuwa lini? Nianzie hapo.

Mkazi wa Nkuhungu: Mwezi uliopita, na huu tena. Kadi yake ya kliniki ninayo, tarehe zote zipo.

Binti Kondoa: Tutaiona hiyo habari?

Kalamu Kavu: Utaiona na jina langu juu.

Mzee wa Bahi: Na ya posho hujajibu bado.